Nani Aliwatenga Watu na Msitu wa Elgon?

Siku hizi mwito wa kurudi kwenye maumbile umefika hadi Kitale na Bungoma. Makanisa yanapanda miche, shule zinaanzisha vyama vya mazingira, na wataalamu wa afya wanawashauri wakazi wa mjini watoke wakatembee chini ya miti ili akili itulie na shinikizo la damu lishuke. Mwito huo ni mwema na una ushahidi wake. Lakini ndani yake mna dhana moja isiyochunguzwa vya kutosha: kwamba watu waliusahau msitu wenyewe, kwa uzembe au kwa kuvutwa na starehe za mjini, na kwamba dawa yake ni kuwakumbusha. Historia ya nchi iliyo chini ya Mlima Elgon inasema vingine. Huku watu hawakuupa msitu kisogo. Walitolewa humo kwa sheria, kwa ramani na kwa bunduki, kisha wakaruhusiwa kurudi wakiwa vibarua, wanunuzi wa vibali, au wageni wenye tiketi. Ninachodai ni kwamba kinachomfunga mtu na msitu ni haki aliyo nayo ndani yake na wajibu unaoandamana na haki hiyo. Vitu hivyo viwili vikitenganishwa, msitu huisha na mwenyeji hudhoofika, hata kama miche inapandwa kila mwaka.

Mlima wenyewe haumwachi mtu yeyote wa eneo hili nje ya habari zake. Wabukusu wa Bungoma na ndugu zao Wagisu wa upande wa Uganda huuita Masaba. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Mito ya Kuywa, Kibisi na Malakisi inaushuka kuelekea mashamba ya Bungoma. Suam unaelekea kaskazini, unageuka kuwa Turkwel na kuishia katika Ziwa Turkana. Vijito vya Trans Nzoia vinaungana na maji ya milima ya Cherangany kuufanya Mto Nzoia, ambao unapita Webuye na kumwagika katika Ziwa Viktoria baada ya kupita nyanda za Budalang'i, ambako watu wanajua mafuriko yake vizuri kuliko wanavyoijua miti ya chanzoni. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga msitu wa Elgon anakunywa maji yake na kula mahindi yaliyonyeshewa na mawingu yake. Uhusiano upo, atake asitake. Swali la historia ni nani alipewa sauti juu ya uhusiano huo, na nani alinyang'anywa.

Tuanze na mapango. Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka Umasaini na kufika kusini mwa Elgon mwishoni mwa 1883, alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Alipoziona kuta zilizochimbwachimbwa, aliamua kwamba lazima palikuwa na taifa kubwa la kale lililokuja kutafuta vito au madini, kisha likatoweka. Wenyeji aliowakuta mbele ya macho yake hakuwadhania uwezo huo. Jibu lilikuwa la kawaida zaidi. Mwamba wa mapango hayo, uliotokana na majivu ya volkeno, una chumvi, na wafugaji waliubangua kwa vizazi ili kuwalisha ng'ombe wao. Tembo nao wana sehemu yao katika kazi hiyo. Katika pango la Kitum, ambalo linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, huingia usiku kwa msururu, wakipapasa njia gizani kwa mikonga. Wakifika ukutani hukita pembe mwambani, wakabandua kipande na kukisaga kwa magego. Mtafiti Ian Redmond aliwafuatilia katika miaka ya 1980, na dunia ikastaajabu. Tofauti ya mitazamo hapa ina maana kubwa. Mgeni aliona ajabu inayohitaji kuelezwa kwa watu waliopotea. Mwenyeji aliona makao, ghala la chumvi na mahali pa kuwafichia mifugo siku ya vita. Alilijua pango kwa sababu alifanya kazi ndani yake.

Ujuzi wa namna hiyo ulienea mlima mzima, na kila jamii ilikuwa na wake. Ogiek wa Chepkitale, wanaoishi juu kabisa, mahali ambapo msitu na mianzi vinaachia nyasi za nyanda za baridi, walitundika mizinga ya magogo mitini na kuhama na maua: nyuki wakimaliza chakula cha eneo moja, mrina asali alipanda au kushuka na kuwafuata. Wakony na jamaa zao wengine wa kundi la Sabaot walichunga miteremkoni na kwenye nyanda zilizo chini. Wagisu walivuna machipukizi ya mianzi, wakayakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, chakula kinachoitwa malewa. Kwa Wabukusu, mti wa murembe, wenye maua mekundu, ulikuwa mahali pa kiapo. Shauri lililokosa shahidi lilipelekwa penye mti huo, na aliyeapa uongo aliaminika kuwa ameualika mkosi nyumbani kwake. Mti wa namna hiyo haukatwi ovyo. Na mpaka leo, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, kijana wa Kibukusu anayekwenda jandoni hupelekwa mtoni alfajiri, akavuliwa nguo, akapakwa tope la baridi mwili mzima na kuwekewa kichwani bonge la tope lililochomekwa nyasi. Anarudi nyumbani hivyo, tope likianza kukauka ngozini, na kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Desturi hiyo haiwezekani bila mto wenye kingo na tope, na kila ukoo unajua ni mto gani.

Msomaji makini atauliza kama hapa hatupambi mambo ya kale. Swali ni la haki. Wabukusu walikuwa wakulima na wafugaji. Walifyeka pori, walichoma nyasi, na walijenga vijiji vyenye kuta za udongo na mahandaki, kama Lumboka na Chetambe, ambavyo vilihitaji miti mingi. Mwiko wa murembe ulilinda murembe. Haukulinda kila mti. Tena watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa tele, hivyo uharibifu mwingi ulipata muda wa kupona. Yote hayo ni kweli, na hakuna haja ya kudai kwamba wazee walikuwa wanamazingira kabla ya neno hilo kubuniwa. Dai langu ni dogo kuliko hilo, na nadhani ni imara zaidi: kila rasilimali ilikuwa na watu wake wanaojulikana kwa jina, na watu hao walipata hasara mara moja rasilimali ilipoharibika. Mrina asali ambaye mti wake wa mzinga umeangushwa amepoteza asali ya msimu ujao. Alikuwa na sababu ya kuulinda, na jamii ilimtambua kuwa ana haki ya kumzuia mwenye shoka. Hayo mawili, hasara na uwezo wa kuzuia, ndiyo yaliyovunjwa baadaye.

Yalivunjwa kwa hatua. Mwaka 1895 safari ya kijeshi ya Waingereza, iliyoongozwa na C. W. Hobley, iliwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliunda Idara ya Misitu na kutunga kanuni zake za kwanza. Nyanda za Trans Nzoia zikatengwa kwa walowezi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wastaafu wa Kiingereza wakaongezeka katika mashamba hayo. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukakua haraka kuwa soko la mahindi ya walowezi. Wakony waliokuwa wakichunga kwenye nyanda hizo walisukumwa kupanda mlimani au kubaki wakiwa maskwota katika ardhi waliyoizoea. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Elgon ukatangazwa kuwa msitu wa serikali. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilisikiliza madai ya wenyeji wakati uleule, ikatoa taarifa yake mwaka 1934, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuipa mipaka iliyokwishachorwa sura ya uhalali. Katika muda wa kizazi kimoja mtu wa Elgon alijikuta kati ya mistari miwili: chini kulikuwa na uzio wa mlowezi, juu kulikuwa na mpaka wa bwana miti. Kuchanja kuni, kulisha ng'ombe na kutundika mzinga vikawa makosa au fadhila, kutegemea nani alikuwa zamu.

Kwamba watu waliuhisi utengano huo kwa uchungu tunaweza kuuona katika maisha ya Elijah Masinde. Alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, akacheza kandanda kwa sifa, kisha katika miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, dini iliyowarudisha watu kwa Wele, Mungu wa Wabukusu, na kwa mizimu ya wazee. Wafuasi wake waliutazama Mlima Elgon kuwa mahali patakatifu, wakauita Sayuni. Masinde alizipinga amri za kilimo za wakati huo, zikiwemo zile za kuwalazimisha watu kung'oa magugu na kufanya kazi za hifadhi ya udongo chini ya usimamizi wa machifu. Serikali ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Alipotoka, mwaka 1947, aliongoza watu kwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwezi Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku na Masinde akahamishiwa Lamu, mbali na mlima wake kadiri ramani ya koloni ilivyoruhusu. Wanahistoria wamemsoma Masinde hasa kuwa mpigania uhuru au nabii. Katika habari yetu ana funzo jingine. Alikataa hifadhi ya udongo iliyoletwa kwa kiboko, huku akiutukuza mlima wenyewe. Mkoloni aliona kupingana katika jambo hilo, akaamini mtu huyo ana kichaa. Hakuna kupingana. Mtu anaweza kuupenda mlima na kuichukia sheria inayomwambia kwamba mlima si wake.

Sheria hiyo ilimhitaji mwenyeji hata ilipomfukuza. Idara ya Misitu ilitaka kuondoa sehemu za msitu wa asili na kupanda misonobari na misaipresi inayokua haraka, na kazi hiyo ilitaka mikono mingi ya bei rahisi. Ndipo ukaja mfumo wa shamba, ulioanza Kenya karibu na mwaka 1910: kibarua alipewa kipande cha msitu uliokatwa, akapanda mahindi, maharagwe na viazi, na katikati ya mistari akapanda na kupalilia miche ya serikali. Baada ya miaka michache, miche ilipofunika jua, alihamishiwa kipande kingine. Mfumo huo umesifiwa na kulaaniwa kwa zamu. Mwaka 1987 Rais Moi aliupiga marufuku, na familia zilizokuwa zikiishi katika vijiji vya msituni zikatolewa. Matokeo yake ni kwamba ekari nyingi zilizokatwa zilibaki bila kupandwa, kwa sababu idara haikuwa na mikono wala fedha za kupalilia. Baadaye ukarudishwa kwa sharti kwamba mkulima asiishi msituni, na baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ukapitishwa katika vyama vya jamii vya misitu, chini ya jina la PELIS, ambalo wakulima wa Saboti, Kaberwa na Kaboywo wanalitamka leo kama neno lao la kawaida.

Wanaoupinga mfumo wa shamba wana ushahidi wao, na lazima ujibiwe. Wanasema, kwa kweli, kwamba kuna wakulima waliokata mizizi ya miche kwa jembe usiku ili kipande kisifunikwe na kivuli, na kwamba mahindi yaliingia hadi ndani ya msitu wa asili na kandokando ya vijito. Wanahitimisha kwamba mwenyeji akikaribishwa msituni huumaliza. Lakini tuangalie mkataba wenyewe ulimpa nini. Ulimpa mahindi na ukamnyima mti. Kadiri mti ulivyostawi ndivyo alivyokaribia kupoteza shamba, na mti huo ulipokomaa na kupasuliwa mbao, fedha zake zilikwenda kwa serikali na kwa mwenye kiwanda. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo halazimiki kuwa mwovu ili auchukie mche. Inatosha kwamba ana watoto wa kulisha. Mfumo wa shamba ulimweka mtu karibu na miti kuliko mpango wowote mwingine wa karne iliyopita, akiinama juu yake kila siku na kuipalilia kwa mkono wake. Ukaribu peke yake haukumfanya aipende. Hili ni funzo ambalo wahubiri wa kurudi kwenye maumbile wangefaa kulitafakari: mtu haungani na kitu kinachomnyang'anya chakula kikistawi.

Mbao na magogo ya enzi hiyo yalikuwa na mteja mkubwa. Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi Webuye, kando ya maporomoko ya Nzoia, kikilishwa kwa misonobari na misaipresi ya mashamba ya serikali, hasa ya Turbo. Webuye ilikua, ikapata nyumba, timu za mpira na maduka. Pia ikapata harufu ya salfa iliyompokea msafiri kabla hajaliona bomba la moshi, na mabati yaliyooza mapema. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 mji ulinyong'onyea, na wafanyakazi wengi waliondoka bila malipo yao kamili. Kuna wanaosema kwamba hadithi ya Webuye inaonyesha ugumu wa kuchagua kati ya kazi na mazingira. Mimi naona jambo tofauti. Wakazi hawakuwa na sauti katika kuamua ni miti mingapi ikatwe, ni moshi gani utoke, wala ni lini milango ifungwe. Msitu ulisimamiwa kutoka mbali, kiwanda vilevile, na walio kati ya hivyo viwili walibaki na mapafu na madeni. Kutengwa na msitu na kutengwa na uamuzi wa kiuchumi ni jambo moja lenye sura mbili.

Tukirudi mlimani, Chepkitale inatupa kesi iliyo wazi zaidi. Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon mwaka 1968 upande wa Trans Nzoia, yenye kilomita za mraba 169. Mwaka 1971 ikaanzisha mpango wa makazi wa Chebyuk, chini zaidi, ili kuwashusha Ogiek wa Chepkitale. Ardhi ilikatwa kutoka msitu, lakini ugawaji ulirudiwa mara kwa mara katika awamu zilizofuata, kila mara majina yakiongezwa na mengine yakifutwa kwa mkono wa wanasiasa na maofisa. Mwaka 2000 Chepkitale yenyewe, iliyokuwa ardhi ya amana, ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na walioendelea kuishi huko wakawa wavamizi katika kijiji chao. Chuki ya mashamba ya Chebyuk ilizaa kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force, katikati ya miaka ya 2000. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2008 ilisema kundi hilo liliua watu zaidi ya 600, na kwamba jeshi lililotumwa mwezi Machi mwaka huo katika operesheni ya Okoa Maisha liliwatesa wanaume wengi. Katika miaka hiyo msitu ulikuwa mahali pa kujificha na pa kuzikia, na watoto walifundishwa kuuogopa. Mtu anayeshangaa kwa nini kijana wa Kopsiro au Cheptais hapendi matembezi ya msituni aanze kwa kuisoma historia hii.

Chebyuk ndiyo pia hoja kali zaidi dhidi yangu, nami nisiikwepe. Hapo watu walipewa ardhi ya msitu, na msitu ukageuka mahindi na viazi katika muda mfupi. Ongeza kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia, wengi wao wakitegemea vishamba vinavyogawanywa kila baba anapofariki. Je, kuwarudishia watu haki msituni si kuutia kisu? Jibu liko katika aina ya haki. Chebyuk iligawa viwanja vya mtu mmoja mmoja, kwa hati za vipande, kwa watu ambao hawakuwa na hakika kama wangekuwa na kipande hichohicho mwaka ujao. Hakuna mpango bora zaidi wa kuharakisha shoka. Ogiek wanaodai Chepkitale wameomba kitu kingine: ardhi ya pamoja, isiyouzwa wala kukatwa viwanja, yenye sheria za jamii ambazo waliziandika na zinazokataza uchomaji wa makaa na ukulima wa kibiashara katika msitu. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya aina hiyo katika kifungu cha 63, na mwezi Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma ilikubaliana nao kwamba kutangazwa kwa Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama hakukuwa halali. Miaka mitano kabla yake, mwezi Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilikuwa imeamua kwa manufaa ya Ogiek wa msitu wa Mau, na kukataa hoja ya serikali kwamba wao ndio walioharibu msitu. Wingi wa watu haubadilishi jambo hili, unalizidisha uzito. Penye watu wengi ndipo panapohitajika mlinzi anayelala msituni na anayejulikana kwa jina, kuliko askari wachache wenye gari lisilo na mafuta.

Upande wa afya, ushahidi ni mzuri na haupaswi kudharauliwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linaloangalia miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Wajapani, kupitia idara yao ya misitu, walianza mwaka 1982 kuhimiza matembezi ya msituni kwa ajili ya afya. Kitale ina mahali pake pa kulijaribu jambo hilo: nyuma ya jumba la makumbusho, lililotokana na makusanyo ambayo Kanali Hugh Stoneham aliyafungulia umma mwaka 1926, kuna njia inayopita ndani ya kipande cha msitu wa asili wa kando ya mto, katikati ya mji uliokula misitu mingine yote. Hata hivyo, maumbile si dawa tu. Mwaka 1980 mtu mmoja, na mwaka 1987 mvulana mmoja, waliugua virusi vya Marburg baada ya kulitembelea pango la Kitum, na wote wawili walifariki. Aliyeishi na mlima alijifunza pa kuingia na pa kukaa mbali. Mgeni hununua tiketi pasipo ujuzi huo. Tena dirisha la Ulrich linaacha swali moja bila jibu: nani aliupanda mti ule, na nani atazuia usikatwe? Afya ya mtazamaji inategemea kazi ya mtu ambaye hayumo katika picha.

Serikali inajibu swali hilo kwa hesabu. Imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 iliwapa Wakenya wote likizo wakapande. Hesabu nyingine inasema zaidi. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, ilhali misitu yenyewe ni asilimia 8.83. Sehemu ya tofauti hiyo ni miti iliyo mashambani mwa watu, nayo inasimama bila askari kwa sababu kila mti una mwenyewe. Shirika la Vi Agroforestry, lililoanza kazi mwaka 1983 katika eneo la Kitale na Pokot Magharibi, lilifanikiwa pale lilipomwonyesha mkulima kwamba kaliandra inalisha ng'ombe wa maziwa na kwamba mgrevilea utampa nguzo na kuni bila kuyaua mahindi. Kweli, mkulima huyohuyo amepanda pia mikaratusi mpaka ukingoni mwa kijito, kwa kuwa inauzika haraka, na kijito kimekauka. Umiliki bila wajibu nao una hasara yake. Ndiyo maana nimeviweka viwili hivyo pamoja tangu mwanzo.

Basi tuupime kila mpango wa kuwarudisha watu kwenye msitu kwa swali ambalo historia ya Elgon imelijibu mara nyingi: mti huu ukifika umri wa kuvunwa, faida yake inakwenda kwa nani, na ukiangushwa kabla ya wakati, nani ana haki ya kusimama mahakamani na kulalamika? Vyama vya jamii vya misitu vya Bungoma na Trans Nzoia vipewe sehemu inayojulikana ya mauzo ya mbao za miti ambayo wanachama wake waliipalilia, na hukumu ya Septemba 2022 itekelezwe ardhini, pamoja na masharti ya uhifadhi ambayo wadai wenyewe wameyakubali. Wakishindwa kuyatimiza, walaumiwe kama wamiliki wanavyolaumiwa. Mpaka hapo, kumhubiria mtu wa Kimilili au Kaptama apende maumbile ni kumdai pendo kwa kitu ambacho sheria inamwambia, kila anapopita na mzigo wa kuni, kwamba si chake.